Shingo ya Ilwad

Elwak, 9 Agosti 2025

Shemeji Bishara,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, mbuzi pia wazima. Mlingoti wa simu umeanguka, basi natuma barua kwa basi. Kisomali yako inaishia kwa salamu, kwa hivyo vumilia Kiswahili yangu ya soko ya ngamia.

Mtoto yako inakula. Koo mliyotoa mafindofindo imepona. Lakini shingo imelala kulia, ukiiita inageuka na mwili mzima. Mama yangu anasema ililala vibaya kwa basi, anataka mimi niivute. Mifupa nimeunga mingi, unajua. Nangoja neno yako.

Shemejio, Yarrow

Garissa, 11 Agosti

Shemeji Yarrow,

Waaleikum salaam. Huku tu wazima, ila joto. Nimemsomea daktari barua yako. Anasema hutokea mara chache baada ya upasuaji wa koo: uvimbe hulegeza viungo vya juu ya shingo, mfupa ukateleza. Ukivutwa kwa mkono, mtoto anaweza kupooza au kufa.

Naogopa, shemeji. Marehemu ndugu yako Hanad ameniachia huyo tu. Usimvute. Mfunge shingo kwa kitambaa, umrudishe.

Shemeji yako, Bishara

Ujumbe wa simu, 13 Agosti, asubuhi

Shemeji, ni Yarrow, simu ya setelaiti ya mfanyabiashara. Barua imefika. Nimeirudisha alfajiri. Ililia kidogo, halafu ikanyamaza.

Jibu

Umerudisha shingo? Anasikia miguu? Yarrow, nijibu.

(Ujumbe haukufika.)

Garissa, 20 Agosti

Shemeji,

Salaam kwako na kwa mama. Siku ile nzima nilijua nimefiwa. Jioni nipo stendi nikitafuta basi la kuja huko, Ilwad akashuka kwa miguu yake, kitambaa shingoni, dereva amemshika mkono; nikampeleka hospitali moja kwa moja.

Mtu ni "m", shemeji. "Nimemrudisha." Hiyo "i" yako ilitaka kuniua.

Amelazwa, shingo inavutwa polepole kwa uzito mdogo. Inarudi. Daktari anasema tumewahi.

Bishara

Elwak, 24 Agosti

Shemeji Bishara,

Alhamdulillahi. Mtu ni "m", nimeshika. Mama anamsalimia Ilwad.

Kitu moja sikukuambia. Mtoto alikuwa analia sana, nikachoka kungoja. Barua yako ilifika mama amemshika mabega, mimi nimeshapaka mafuta kwa mikono. Dereva aliniita langoni. Nikamwambia angoje, kwanza nimalize.

Ilwad akaniambia, "Adeer, pengine ni barua ya mama."

Nikafuta mikono, nikaenda kuichukua.

Shemejio, Yarrow