Nati ya Tairi la Nyuma Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Penina Daudi Mkunda
Umri: Miaka 59
Kabila: Mgogo
Dini: Mkristo
Kazi: Muuza mboga sokoni
Makazi: Nzuguni, Dodoma
Tarehe: 19/08/2024, asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu ni mke wa marehemu Obedi Masinga, aliyefariki jana kwa ajali ya gari. Nimekuja kueleza habari za breki za gari hilo, kwa sababu fundi Sila amewekwa mahabusu na hana kosa. Shemeji yangu Charles, mdogo wa marehemu, ndiye aliyewaambia polisi kwamba Sila alitengeneza breki vibaya. Charles hakuwepo. Nilikuwepo mimi.

Mnamo tarehe 17/08/2024, siku ya Jumamosi mchana, Sila alikuja nyumbani kwetu Nzuguni baada ya kuitwa na marehemu. Gari letu ni Corolla ya zamani. Marehemu alikuwa dereva wa serikali hadi alipostaafu, na gari hilo alilipenda mpaka nikawa namtania kwamba ameoa mke wa pili wa bati. Lilikuwa linavuja oili ya breki kwenye tairi la nyuma kushoto. Sila alipiga jeki, akatoa tairi na kuingia chini. Alisema bomba la breki limeoza na linatakiwa kubadilishwa, ila nati yake imeshikwa na kutu na haitaki kutoka.

Hakuilazimisha. Aliisugua kwa brashi ya waya, akaimwagia mafuta ya kulegeza kutu, akaigongagonga kidogo kwa nyundo. Kila akijaribu spana, nati ilikataa. Marehemu alikuwa amesimama pembeni akimhimiza, kwa kuwa Jumapili mjukuu wetu Elieth alikuwa anapata kipaimara Kongwa, na sisi ndio tuliotakiwa kupeleka mchele na masufuria.

Sila akamwambia, "Mzee, tukiivuta kwa nguvu bomba litajisokota likatike. Tuiache ilale na mafuta. Kesho mapema nakuja na bomba jipya."

Marehemu akasema, "Kesho mapema mimi niko njiani."

Sila akamjibu, "Basi mzee, pandeni basi. Gari hili lisitoke." Kisha akaweka mawe chini ya gari, akaniaga na kuondoka.

Nilimwambia marehemu kwamba basi si aibu. Alicheka. Alisema hawezi kumfuata mke wake mdogo, yaani Elieth, kwa basi kama mgeni, maana ndivyo walivyokuwa wakitaniana tangu mtoto huyo ajue kusema.

Jioni, kabla jua halijazama, marehemu alichukua plaizi yake, akaingia chini ya gari mwenyewe. Aliing'ang'ania ile nati. Nikasikia kitu kimekatika, naye akatukana, jambo ambalo si kawaida yake. Bomba lilikuwa limekatika kama Sila alivyosema. Basi akafanya wanavyofanya madereva wakiharibikiwa porini: alilikunja bomba lililobaki, akaligonga kwa nyundo mpaka likalala bapa, ili oili isitoke. Alisema tairi moja halitashika lakini matatu yanatosha kufika Kongwa na kurudi. Aliniita nikae kwenye usukani nimsaidie kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki. Yeye akiwa chini alikuwa anasema, "Kanyaga, Mama Lea. Shikilia. Achia." Nilikanyaga kama alivyoniambia. Pedali ilikuwa ngumu, tukaona pako sawa, naye akarudisha tairi.

Jumapili tarehe 18/08/2024, majira ya saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa tunatoka, Sila alipiga simu. Marehemu aliweka sauti ya nje kwa sababu alikuwa ameshika usukani, kwa hiyo nilisikia mwenyewe. Sila alisema yuko njiani na bomba. Marehemu akamweleza alichofanya. Sila alisema, "Mzee, shikamoo yako naiheshimu, lakini hapo nakuomba uzime gari. Hilo litafunguka ukikanyaga kwa nguvu." Marehemu alimwambia, "Nimeendesha hujazaliwa," akakata simu.

Tulipopita Ihumwa, mbele yetu kulikuwa na lori limesimama kupisha ng'ombe. Marehemu alikanyaga breki, pedali ikaenda hadi chini. Akakanyaga tena na tena, akavuta hendibreki. Alilikata gari kushoto, upande wake ndio ukaingia chini ya lori. Mimi nilivunjika mkono wa kulia.

Afande umeniuliza kwa nini nilipanda hali nilisikia maneno ya Sila. Nilipanda kwa sababu alikuwa mume wangu, na asubuhi ile alikuwa na furaha. Alivaa suti.

Charles ameniambia marehemu hasemwi, na kwamba Sila hana watoto, akikaa ndani hataumiza mtu. Nimelia sana usiku kucha kwa ajili ya mume wangu, na nitaendelea kulia. Lakini siwezi kumzika kesho huku nimemfunga kijana aliyemsihi asife. Naomba Sila aachiwe, aje Kongwa, kwao marehemu, azike pamoja nasi.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu, na ndiyo maelezo yangu.

Dole gumba la kushoto la shahidi: (limewekwa)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Optatus, nikamsomea shahidi naye akakiri ni sahihi. Ameweka dole gumba la kushoto kwa kuwa mkono wa kulia umefungwa hogo. Shemeji yake Charles, aliyemleta, aliposikia alichoeleza aliondoka na gari pamoja na ndugu wengine. Nilipomshauri shahidi atafute usafiri wa kurudi nyumbani, alikataa. Amekaa kwenye benchi la kaunta, anasema ataondoka na Sila.