Kifaa Kilichofungiwa Mfukoni

Mdogo wangu,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitano. Sisi tu wazima, isipokuwa shemeji yako, ambaye kifua kinambana tangu kiwanda cha kuyeyusha betri kiwashe tanuri la pili.

Tulipolalamika, tuliletewa wataalamu wawili wenye viatu vinavyong'aa. Walifunga kifaa cha kupimia hewa juu ya paa langu, kisha wakakifunika kwa mfuko wa nailoni.

"Mfuko wa nini?" niliuliza.

"Kifaa hiki ni ghali, mzee. Moshi wa hapa utakiharibu."

"Na mmekuja kupima nini, mwanangu?"

"Tunafuata utaratibu, mzee."

Jana walirudi na ripoti isemayo kwamba hewa yetu ni safi. Wanataka niitie sahihi, mimi mwenyekiti wa mtaa, ili tanuri la tatu lijengwe. Shemeji yako aliisoma mpaka mwisho.

"Kumbe nakohoa kwa mazoea," akawaambia.

Wale mabwana walicheka, wakidhani anawatania.

Sahihi yangu hawaipati. Daktari anataka tuhamie kwako, lakini mgonjwa mwenyewe hataki kuwaachia wapumbavu nyumba yake. Tukishaamua, nitakuandikia.

Kaka yako