Mashine ya Chupa za Kifungo

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua umetulia. Shemeji naye hajambo? Sisi huku tunapumua. Kifungo anakusalimu kwa kelele. Ndilo jina nililompa binti yangu, kwa sababu ya pua yake iliyo duara kama kifungo cha shati. Mama mkwe halipendi. Anasema mtoto mchanga hapewi jina linalonuka jela. Nilimjibu kwamba aliyefungwa ni mimi, mtoto ni askari tu.

Uliniomba nikupe maoni yangu juu ya mashine ya mvuke ya kutakasa chupa za mtoto uliyotutumia, ili ujue kama uagize nyingine za kuuza dukani kwako. Niwie radhi kwa kuchelewa. Sare za shule zimerundikana hadi kitandani, na siku hizi nashona mguu mmoja ukiwa kwenye cherehani, mwingine unasukuma kitanda cha mtoto.

Mashine ni nzuri. Unamimina maji kidogo chini, unapanga chupa kifudifudi, chuchu zake unaziweka juu, unafunika, unabonyeza. Mvuke unapanda, na kazi ikiisha inajizima. Hapo ndipo iliponiteka. Kabla ya hapo nilikuwa nachemsha chupa kwenye sufuria. Mchana mmoja nilikaa kuisubiri, usingizi ukaniiba palepale kitini, maji yakakauka. Nilipozinduka chuchu zilikuwa zimeyeyuka na nyumba nzima inanuka mpira. Katika nyumba hii, Dada, ni hiyo mashine peke yake isiyongoja mimi nikumbuke.

Lakini wateja wako waeleze ukweli. Mvuke unaua vijidudu, hauoshi. Mama mkwe alitumbukiza chupa zikiwa na ukoko wa maziwa, zikatoka na ukoko uleule, umeiva. Akatangaza kwamba mashine ni ya kitapeli. Lazima chupa zisuguliwe kwanza kwa sabuni na brashi, zisuuzwe. Pili, kifuniko wasikifungue kwa pupa. Mimi niliyezoea pasi maisha yangu yote niliungua kiganja. Tatu, maji yetu yana chokaa, kile kisahani cha chini kikaota madoa ya kahawia. Nilikilowesha kwa siki, kikatakata. Na umeme ukikatika, mashine inakuwa pambo la mezani, kwa hiyo sufuria wasiitupe. Ukiniuliza mimi, agiza, ila chache kwanza.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka. Nilikwambia tunatumia chupa kwa sababu maziwa ya wifi yako hayakutosha. Sivyo. Maziwa yalikuwepo. Aliyekosekana ni yeye mwenyewe.

Tuliporudi kutoka kujifungua alinyonyesha vizuri. Kisha usingizi ukamhama. Mtoto akilala, yeye anakodoa macho. Akawa hali, haogi, analia bila kusema analilia nini. Mama mkwe alisema ni uchovu wa uzazi, utapita, nami nilipenda kumwamini kwa sababu sare zilikuwa zinanisubiri. Alasiri moja nilisikia mtoto akilia mfululizo, nikaenda chumbani. Mtoto alikuwa kitandani. Wifi yako alikuwa ameketi sakafuni, uso ukutani, mikono ameikalia. Akaniambia taratibu kabisa, “Mchukue. Naiogopa mikono yangu.”

Nilimbeba Kifungo, nikamshika mama yake mkono, tukaenda hospitali vilevile, yeye na kanga ya kulalia. Daktari aliyetupokea hakumshangaa. Alisema huu ni ugonjwa, huwapata akina mama baada ya kujifungua, hauna uhusiano na kumpenda au kutompenda mtoto, na unatibika. Wakamlaza. Kila alasiri nilikuwa nafunga kazi, namwachia mama mkwe mtoto, naenda kukaa naye. Wifi yako hakutaka mtu ajue. Aliogopa watu wataambiana kwamba amerukwa na akili na hafai kuachiwa mtoto. Nikaheshimu hilo, ingawa nilielemewa.

Sasa amerudi nyumbani, anameza dawa, analala. Juzi nilikuwa nashona nikasikia kifuniko cha mashine kinafunguliwa. Nikadhani ni mama mkwe. Kumbe ni yeye. Alitayarisha maziwa, akaketi, akaniomba nimpe mtoto. Alimlisha hadi nusu ya chupa, kisha akanirudishia, akasema kwa leo yatosha. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mfuko wa shati kwa ndani. Ilibidi niufumue.

Jana ndiye aliyenituma nikuandikie yote haya. Alisema, “Mwambie wifi aje. Asije kunipa pole. Aje anisuke, kichwa kimenishinda.”

Basi njoo, Dada. Mama yetu bado hatujamwambia, hilo wifi yako atalisema mwenyewe akiwa tayari. Njoo peke yako, na usitafute zawadi. Njoo na kitana kigumu, maana nywele zimefungamana vibaya, na nafasi ya wiki nzima.

Shemeji na watoto wape salamu zetu. Mama mkwe naye anakusalimu, na bado anasema mashine ni ya kitapeli.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi