Karibu, Mwenye Nyumba

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Sisi wazima, ila kikohozi changu kimeamua kuhamia kabisa. Ndugu yako, huyu tunayemwita Mzee, naye hajambo. Ndevu zimemjaa, lakini neno lake ni lile lile moja tangu utoto: hodi.

Limemponza kwenye kile kituo cha watu wenye ulemavu alikoanza juzi. Siku ya kwanza alikuta mlango wa darasa umefungwa, akabisha, wakadhani mzaha. Alisimama juani mpaka wenzake walipotoka kunywa chai. Nikaenda kumweleza mlezi: kwa huyu, mlango uliofungwa una mtu ndani, na haingii mpaka aitikiwe, "Karibu, mwenye nyumba." Mlezi alicheka, lakini sasa anaitikia.

Habari za bweni lao nimezisikia. Sitaki. Nani atamwitikia huko asubuhi, kama ninavyomwitikia mimi anapobisha chumbani kwangu?

Mama yako

21 Machi

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, wasiwasi ni juu yenu. Mlezi amenipigia simu: bwenini imebaki nafasi moja, na wanaoitaka ni wengi. Usininunie. Wewe si wa chuma, nami niko mbali. Siku akibaki peke yake itakuwaje?

Na hospitali uende. Kikohozi hakitishwi kwa ukaidi.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ndiyo hivyo, leo afadhali, kesho taabani.

Mzee alilala bwenini kujaribu. Mlezi ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini nyumba ilinielemea. Asubuhi niliitikia "karibu", kumbe hakuna aliyebisha.

Nimesalimu amri. Nikitangulia, mpeleke. Ila chumba changu msikifunge. Mkikifunga, atasubiri.

Mama yako

19 Juni

Mama,

Leo sikuulizi hali.

Nilifika umeshazikwa. Shangazi alikuwa amefunga chumba chako, eti kwa heshima. Mzee alishinda mlangoni pako. "Hodi," kisha anatega sikio. Nikiitikia mimi nyuma yake, hageuki. Nikafungua kama ulivyoagiza. Akaingia, akaufunga mlango mwenyewe, akakaa kitandani pako. Nikadhani yamekwisha.

Leo gari la bweni limekuja kumchukua. Nilikuwa uani nakunja nguo zake. Mlezi akabisha chumbani kwako: "Hodi!"

Kikaanza kikohozi. Chako, mama, kile kikavu. Kisha sauti yako: "Karibu, mwenye nyumba."

Mlezi alikuja uani mbio. "Si mliniambia mama amefariki?"

Nguo zikanidondoka. Tulipofungua alikuwemo Mzee peke yake, anatabasamu. Tukamsemesha, akajibu hodi.

Naogopa, mama, na nimefurahi. Gari nimeliambia lirudi bila yeye. Kazini nimewaambia wasiningoje.

Mlango nimeurudishia. Kesho asubuhi nitabisha mimi.

Mwanao