Mtaalamu wa Kodi Aliyeletwa na Shemeji

Kaka Vasant,

Shikamoo. Upepo umeng'oa bati la jikoni, ila duka la halua liko salama.

Tangu mume wangu afariki, shemeji Dinkar ananisukuma kwa mtaalamu wake wa kodi. Jana nilikubali, tukaenda. Yule bwana akanipa karatasi tupu.

"Weka sahihi, dada. Mengine niachie."

"Mbona haina kitu?"

Akamtazama Dinkar kwanza. Nikaondoka.

Nikaenda kwa Bi Sulochana, yule mhasibu mwenye ulimi mkali. Nikamjaribu: "Tukificha mauzo kidogo, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Ukitaka uongo, mlango ule pale."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Leo Dinkar amekuja kudai funguo za duka. Nimemwambia akazungumze na Bi Sulochana, ndiye anayeshika hesabu za duka sasa. Ameondoka bila kugusa chai.

Njoo, kaka. Naogopa.

Mdogo wako,
Kusum