Viti Vilivyokunywa Uji

Jumapili, jua linazama. Mchana mawingu yalikuja juu ya mtaa wetu wa Mbotela, Nairobi, yakatuchungulia, yakaenda zao. Vumbi la Barabara ya Jogoo limeingia mpaka ndani ya kabati. Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Huu umeingia kwenye mifupa na hauna haraka ya kutoka.

Wacha niandike, nisije nikalia mbele ya watu.

Mimi nauza nyuzi na rangi za nyumba kwenye duka moja mjini. Watu hudhani fasheni inaletwa na wenye macho mazuri huko Ulaya. Wapi! Fasheni ya Mbotela inaletwa na redio. Waarabu walipopigana huko kwao na petroli ikapanda ile mara ya kwanza, rangi ya mafuta ilipanda nayo, na Baba Mwende, mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa ameniahidi kuta za samawati, akanyamaza kama hajawahi kusema. Nyuzi za nailoni, zile za machungwa na kahawia zilizojaa kila sebule, zikawa za kutafutwa kwa tochi. Mwaka huu wa ukame wanawake wanaingia dukani wakiuliza kijani tu. Hakuna aliyeona nyasi mbichi tangu lini sijui, basi kila mtu anataka kuziona ukutani. Wiki iliyopita mama mmoja wa Buruburu akaja na jarida la ng'ambo kwapani, akaniomba rangi za udongo, ati ndizo ziko sasa. Nilitaka kumwambia ateremke Machakos. Udongo huko umejaa tele, mpaka kwenye sufuria.

Machakos ndiko kwetu. Mvua ilikosa, ng'ombe wa mwisho akaanguka, na mwezi uliopita Baba Mwende akamleta mama yangu akae nasi. Tunamwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyowaita mama zao. Alikuja na kiondo kimoja, na ndani ya kiondo kikombe chake cha bati. Vikombe vyetu sisi vinaning'inia kwenye misumari jikoni. Nilimwonyesha msumari wake siku ile ile. Alisema asante mwanangu, akanywa chai, akakiosha kikombe na kukirudisha kiondoni. Kila siku hivyo hivyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe hapa Mbotela ningelitoa wapi? Basi akabaki mgeni ndani ya nyumba ya mtoto wake, na mimi asubuhi nakimbilia kazini, jioni narudi nikiwa sina hata neno la kumwambia.

Sasa hapo katikati Mwende, binti yangu wa kwanza, akapata mchumba, na watu wa kijana wakasema watakuja Jumamosi kutujua.

Akina mama wa laini hii ya nyumba tuna kawaida yetu. Tunafumiana vitambaa vya viti. Tukimaliza vya huyu tunaanza vya yule, na rangi tunaichagua pamoja, tukibishana weee mpaka chai ipoe. Zamu ilikuwa yangu. Safari hii tulichagua nyeupe, kwa sababu nailoni ya rangi inatoka ng'ambo na haishikiki, lakini uzi mweupe wa pamba unatengenezwa hapa hapa nchini. Walinifumia kwa moyo, Mungu awabariki. Lakini kitambaa cheupe kisipotiwa wanga kinalala kama sikio la mbwa mgonjwa. Kwa hivyo huwa tunapika uji mwepesi wa unga mweupe, tunauchuja, tunaloweka vitambaa humo, na tukivipiga pasi vinasimama wima.

Unga mweupe mwaka huu uko wapi? Madukani kuna ule wa njano tu, wa mahindi yaliyoletwa na meli kutoka Amerika. Unapanga foleni kuupata, na ukipika ugali watoto wananuna. Mwaitu peke yake ndiye anayeula bila neno, mpaka ukoko. Nikajiambia, nikiuchuja vizuri njano haitaonekana.

Mjinga mimi.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Mchana nikabandika sufuria. Mwaitu alikuwa nje kwenye kivuli cha ukuta, akasikia harufu. Akaingia, akafungua kiondo, akatoa kikombe chake, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko na kikombe magotini. Akangoja. Nami nilikuwa nimeshughulika, kichwa kimejaa wageni, sikumtazama hata mara moja. Nikaipua sufuria, nikachuja uji, nikamimina wote ndani ya beseni la vitambaa.

Nilipoinua macho, alikuwa anaangalia beseni. Kisha akakigeuza kikombe, kikalala kifudifudi juu ya goti lake.

"Kumbe huku Nairobi viti vinakunywa uji," akasema.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Nikababaika, nikamwambia Mwaitu ngoja nikupikie mwingine sasa hivi. Akasema ameshiba. Ameshiba nini? Jioni hakula. Jana asubuhi akamwambia Baba Mwende: "Jumatatu unirudishe nyumbani."

Nyumbani hakuna kitu. Majirani zake huko wana pesa walizotumiwa na watoto wao, wanazunguka nazo kutwa, na hakuna wa kuwauzia hata kisaga cha mahindi. Huko ndiko anakotaka kurudi. Nilimsihi. Baba Mwende alimsihi. Akatujibu kwa upole kwamba sisi ni watoto wazuri, na akaanza kukunja leso zake.

Vitambaa navyo vikakauka njano. Si njano ya maua, ni ya meno ya mvuta tumbaku. Pasi ikavizidisha. Mwende alilia. "Mathe, watasema tumeviokota jaani!" Maji ya mfereji yalikuwa yamepotea tangu alfajiri, kwa hivyo kufua upya sahau. Tukavitandaza hivyo hivyo.

Jana mchana wageni wakaingia, na ni nani huyo mbele yao, shangazi ya kijana? Yule yule wa jarida! "Ai! Kumbe ni wewe, mama wa nyuzi?" Akanikumbatia, akaketi, akakipapasa kitambaa cha mkono wa kiti. Akasema rangi kama hii ndiyo ameitafuta mji mzima, tumeitoa wapi? Mwende, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu, akajibu bila kupepesa: "Ni rangi ya asali, aunty. Tumeitengeneza wenyewe."

Nilimtazama Mwaitu kwenye pembe yake. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Mambo yalienda vizuri. Wamesema watarudi na wazee. Ningepaswa kufurahi, na sehemu yangu moja ilifurahi, siwezi kudanganya. Ile nyingine haikupata usingizi.

Leo basi, baada ya kanisa, mlango ukabishwa. Akina mama wa laini, na Mama Wanjiru, jirani tunayeshiriki naye ukuta na anayesikia kila neno letu, mbele yao. Kila mmoja amebeba vitambaa vyake na mkebe wa unga wa njano. "Mama Mwende, usitufiche. Tufundishe hiyo ya asali. Nyeupe imepitwa." Ati imepitwa, na Ijumaa tu ilikuwa mpya! Nilicheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kufanya kitu kingine. Wakapanga mikebe juu ya meza.

Mwaitu alikuwa ameketi karibu na mlango, kiondo kimefungwa kamba, tayari kwa kesho. Aliitazama ile mikebe, mmoja baada ya mwingine. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Sikupanga nililofanya. Nilibandika sufuria kubwa, ile ya sherehe, nikatia humo maji ya kunywa tuliyoweka akiba. Nikakoroga unga wa Mama Wanjiru, nikaongeza wa mwingine, nikakoroga mpaka ukawa mzito kabisa. Mama Wanjiru akachungulia. "Si utashika donge kwa vitambaa, huu?" Nikamwambia huu si wa vitambaa. Nikaenda mlangoni, nikapiga magoti mbele ya mama yangu kama msichana mdogo, nikamwambia, "Mwaitu, naomba kikombe chako."

Alikivuta kiondo magotini. Akafungua kamba.

Nikamjazia wa kwanza. Kisha nikawajazia wengine, na kila aliyeuliza habari za viti nikamjibu viti havijambo, kunywa. Mmoja alichukua mkebe wake akaenda zake amevimba. Nitamwona kesho, tutaelewana. Wengine walikunywa. Mama Wanjiru akasema sukari haitoshi, na Mwaitu, ambaye hakuwa amezungumza na mtu tangu jana asubuhi, akamjibu kwamba uji huu hauhitaji sukari, unahitaji kuchachushwa usiku mmoja, na kwamba mtu yeyote hapa akimpa mtungi atawaonyesha. Wakaanza kubishana kuhusu mtungi. Mimi nikaenda kuvua vitambaa kwenye viti. Maji yakirudi nitavifua, na vikilala kama masikio ya mbwa, vilale.

Sasa wameondoka. Baba Mwende ameingia hivi punde, kofia mkononi, ameniuliza kwa sauti ya chini kama ile safari ya Machakos bado ipo kesho.

Sikuwa na nguvu ya kueleza yote haya. Nimemwonyesha kidole tu, pale jikoni. Kikombe cha bati kinaning'inia kwenye msumari wa mwisho, karibu na vyetu, bado kinadondosha maji.