Jina la Baba Mkwe

Baba Dogo,
Nairobi.
3 Agosti 2025

Mpendwa Shemeji Opicho,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mwanangu Sylvance. Mgongo wako unaendeleaje? Mama Whitney aliniambia kwenye simu kwamba sasa unafika shambani bila fimbo. Nilifurahi, ingawa nakujua, ungesema hivyo hata kama unatambaa. Mvua imefika? Mahindi yanaendeleaje? Na Frankline, ameacha kubishana na walimu? Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Utashangaa kuona nimeandika Kiswahili, mimi na wewe ambao hatujawahi kusalimiana kwa Kiswahili tangu niolewe. Ni woga, shemeji. Barua hii inapitia kwa watu wa basi na sijui nani ataifungua njiani. Simu nayo siitaki kwa jambo hili, maana hizi nyumba unazijua, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako.

Mwezi uliopita, siku ya maandamano, Sylvance alishikwa na polisi. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ya presha yako. Sasa yuko nyumbani, anakula, kwa hivyo usianze kutafuta viatu uje Nairobi. Soma kwanza hadi mwisho.

Unajua tangu amalize kidato cha nne anafanya kazi Soko la Burma, kwenye bucha ya Mumo. Wako watatu kutoka ploti yetu: yeye, Ndung'u mtoto wa Mirriam wa mlango unaotazamana na wangu, na Mumin mtoto wa Nurto wa orofa ya juu. Siku hiyo Mumo alifunga bucha mapema, akampa kila mmoja matumbo kidogo ya kupeleka nyumbani. Magari hayakuwepo, wakaamua kutembea. Hawakuwa na bango wala jiwe. Walikuwa na matumbo kwenye mifuko.

Polisi waliwasimamisha wakiwa bado mbali na nyumbani. Wakamuuliza Ndung'u majina yake yote, akataja, wakamwambia aende kwao. Wakamuuliza Sylvance. Akasema Sylvance. Sylvance nani? Akasema Okoth. Basi, kusikia hilo jina la kwetu wakampandisha lori. Mumin hawakumuuliza hata jina. Walimtazama uso tu, wakamsukuma juu. Vijana watatu wa kazi moja, hata matumbo yalikuwa ya ng'ombe mmoja.

Ndung'u ndiye aliyekuja kuniambia. Alisimama mlangoni, hata viatu hakuvua. "Mathe, wamebeba Silva na Mumin. Mimi wameniuliza jina tu, wakaniambia niishie. Si nimewaambia tuko pamoja, lakini wapi!" Shemeji, nilikaa chini sakafuni.

Sasa nikueleze tunavyoishi huku siku hizi. Mtu akishikwa, kitu cha kwanza ploti inajadili ni nani atumwe kituoni. Si mzazi anayetumwa. Ni yule ambaye jina lake na lugha yake vitasikilizwa siku hiyo. Hata mwenye nyumba huja kushauri. Siku hiyo ilionekana ni Mirriam, na mimi nimfuate nyuma. Tulipofika getini akanishika mkono. "Mama Sylvance, wewe baki hapa nje. Tafadhali usiongee. Ukifungua mdomo tu watajua umetoka wapi." Nikabaki nje, mimi niliyemzaa, nimefunga mdomo kama mtoto aliyekatazwa kelele kanisani.

Mirriam aliingia akampata askari mmoja wa kwao. Akasema Sylvance ni mtoto wa dada yake aliyeolewa huko kwetu. Alikaa sana mle ndani, nikamsikia akicheka nao. Mwishowe akatoka na mtoto. Jicho moja lilikuwa limevimba, na shati halina vifungo. Hakuna kosa lililoandikwa. Tulipokata kona Mirriam akaegemea ukuta wa nyumba ya watu, akalia kuliko mimi. "Nimecheka na wao," alikuwa akisema tu. "Nimecheka na wao." Wema wa mwanamke huyo sitausahau.

Nurto alikuja pia, lakini yeye hakuvuka hata geti. Walimwona na buibui lake, wakamwambia atoe kitambulisho, kisha wakamuuliza kwao ni wapi. Akasema Pumwani, hapa hapa Nairobi, alikozaliwa. Wakamwambia aache mchezo. Mumin alilala huko hadi Ijumaa. Alirudi hainui mkono wa kushoto, na yeye pia hakuandikiwa kosa lolote.

Ploti yenyewe imegawanyika kwa maneno. Wako wanaosema polisi hawashiki mtu bure, lazima hawa vijana walikuwa na jambo. Wako wanaosema sisi tunajifanya kuonewa kila mwaka. Mirriam amegombana nao kwenye mfereji mpaka ndoo zikamwagika. Mimi sina nguvu za kugombana. Ninasikia lori likipita barabarani, naacha kukoroga ugali, naanza kuhesabu nani yuko ndani na nani yuko nje.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya niandike. Sylvance amefikisha umri wa kuchukua kitambulisho, na bila kitambulisho siku hizi huwezi hata kuvuka barabara kwa amani. Lakini anasema hataki kiandikwe Okoth. Anataka majina yake mawili ya ubatizo, Sylvance Emmanuel, basi. Nimemwita mpumbavu. Nimelia. Nimemnyima chai. Ananiangalia tu na lile jicho. Nikimpigia simu akiwa nje na nikaongea lugha yetu, anakata. Anarudi nyumbani ananiambia pole, mama, kulikuwa na watu.

Nilimweleza Nurto juu ya jambo hili, nikidhani atanisaidia kumkemea. Akaniambia, "Wewe mshukuru Mungu. Wako anaweza kubadilisha jina. Wangu nimbadilishe nini?" Nilimwongezea maziwa kwenye kikombe.

Wakili mmoja wa kanisani kwetu amesema jina linaweza kubadilishwa kwa kiapo, na kwamba mzee wa upande wa baba akiweka sahihi itakuwa rahisi zaidi. Baba yake, ndugu yako, ni marehemu. Umebaki wewe. Na jina lenyewe wewe pia unalibeba, ulilibeba miaka yote uliyofanya kazi ya reli bila kuinamisha kichwa, kwa hivyo najua ninachokuomba. Ni kama nakuomba univunjie nyumba ya baba yako kwa mikono yako mwenyewe.

Na usifikiri nimesahau alivyolipata. Ulikuwepo. Mtoto alilia tangu azaliwe, maziwa anakataa, tukamtajia majina ya wazee waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, tujue nani anataka kurithiwa, analia tu. Mama mkwe akamwinamia akasema Okoth, jina la marehemu mume wake, mtoto akanyamaza palepale, akanyonya. Alilichagua mwenyewe kabla hajajua kufungua macho vizuri. Leo yeye ndiye anayelikataa, na mimi mama yake ninamuunga mkono. Mimi ni Mkristo, lakini shemeji, ninaogopa. Ninaogopa huku na ninaogopa huko.

Hata hivyo nimeamua. Weka sahihi, nakusihi. Kisha siku utakayokwenda kwenye kaburi la baba, mwambie kama amekasirika anikasirikie mimi, Amolo, asimguse mtoto. Nitamwomba msamaha hadi nizeeke. Baba ni mtu wetu na najua siku moja atanisikiliza. Wale wa lori niliwasubiri getini muda wote ule, na hata kusikika sikuruhusiwa.

Nisalimie Mama Whitney, mwambie zile mboga kavu zilifika na tumezimaliza kwa aibu. Msalimie Whitney, msalimie Frankline, na umwambie asikimbilie kuja Nairobi, asubiri kwanza tupumue. Mungu akulinde wewe na mlango wako, na sisi huku atufiche chini ya mkono wake.

Ni mimi shemeji yako anayekupenda na kukuheshimu,

Amolo

Tena: Nje ya bahasha nimeandika Rispa peke yake, jina langu la ubatizo, na lako pia nimeandika la ubatizo tu. Kijana wa ofisi ya basi aliniuliza jina la pili, nikamwambia sina.